Kitu Chenye Chaja Kinabaki Mezani

Nimerudi Tanga, na bado nikiingia nyumbani kwa mtu natoa simu mfukoni, naizima na kuiweka mezani bila kuambiwa. Mke wangu anawaeleza watu kuwa ni adabu niliyojifunza Uarabuni. Si adabu, ni kazi iliyonikaa mwilini. Magoti nayo yana lao: alfajiri yananiamsha niwahi basi la kampuni, na basi lenyewe liko Dubai, limejaa watu wengine.

Ninyi mliobaki kwenye lindo mmeniomba niandike ninachokijua, ili wanaokuja wasianzie sifuri. Vyeo sitavigusa, na mshahara kila mtu anaujua wake. Nitaandika kuhusu meza ya simu kwenye uwanja wa kriketi, kwa sababu ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote, na ndipo nilipochokea.

Nilianza kwa kulinda geti la jengo lililokuwa linajengwa, kazi ya kupumua vumbi na kufungulia malori. Kisha asubuhi moja tulipopanda basi pale Muhaisnah, kwenye kambi yetu ya wafanyakazi, dereva akasoma majina na la kwangu likaangukia uwanjani. Shati nililopewa lilikuwa la mtu aliyenizidi mabega. Nilionekana kama nimetundikwa ndani yake. Kriketi sikuijua kabisa. Nilipoona wachezaji wote wanatoka uwanjani kwa pamoja katikati ya mchezo, nilidhani kuna hatari, nikashika redio kuita wenzangu. Kumbe walikuwa wanakwenda kunywa chai.

Aliyenipokonya redio ile taratibu alikuwa Mutua, Mkenya wa Machakos, askari wa zamani, mrefu, mwenye kijiti cha kiberiti mdomoni saa zote. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alinipeleka kwenye ujia mwembamba unaoingia vyumba vya wachezaji, na pale mlangoni kulikuwa na meza ndefu, mifuko ya kitambaa yenye namba, na kasha la chuma.

"Hapa ndio kwako," akaniambia. "Mchezaji, kocha, daktari, hadi yule wa kukunja taulo, wote wanaacha simu hapa mechi ikianza. Na saa za mkononi zile zinapokea meseji. Mechi ikiisha wanachukua. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Na akikataa?"

"Hakatai. Anakasirika tu. Kukasirika ni bure, mwache akasirike."

Nikamuuliza kwa nini wanyang'anywe simu watu wazima. Mutua akachukua soksi, akaikunja ikawa mpira, akaninyooshea trei ya plastiki niishike kama gongo. Niwaeleze ninyi kama alivyonieleza mimi, maana wengi wenu mtafika pale mkijua soka peke yake.

Kuna anayerusha mpira na kuna anayepiga. Mrushaji anaweza kuurusha kwa kasi, au akaudanganya mkono, mpira ukaja polepole. Mpigaji akitegemea kasi halafu ukaja wa polepole, anapiga hewa, na hapo ndipo anapotolewa. Ni kama kipa wa penalti: akijua mapema upande, kazi imekwisha. Sasa, nyuma ya mpigaji kuna mchezaji wa upande wa mrushaji, anachuchumaa na glavu kubwa kuudaka mpira. Huyo lazima ajue kinachokuja, la sivyo utampita. Kwa hiyo mrushaji humpa ishara. Leo anajifuta paji la uso, kesho anagusa ukosi. Wanazibadilisha kila mara, kwa sababu upande wa pili unatafuta kuzisoma.

"Na wakizisoma?" nikauliza.

"Wakizisoma kwa macho yao, hiyo ni akili, wanaruhusiwa. Wakiweka kamera, mtu akapiga simu, mwingine akapokea, hiyo sasa ni wizi." Akanirushia soksi, ikanigonga kifuani nikiwa bado naitazama trei. "Jicho halina chaja, Hamza. Kitu chenye chaja kinabaki mezani. Shika hiyo moja tu, utazeeka hapa."

Nikaishika, na nikazeeka pale.

Mambo madogo ya meza hiyo, ambayo hakuna atakayewaandikia: Ita mtu kwa jina lake kabla hujamwomba simu, anayeitwa kwa jina hutoa simu haraka kuliko anayeitwa "sir". Usiangalie kioo cha simu ya mtu. Wengine hawazimi, na mchana kutwa kasha litakuwa linatetemeka kama mzinga wa nyuki. Ni mama zao, wake zao, watu wenye shida zao. Mwache nyuki alie. Usiombe picha na mchezaji, hata awe nani, maana siku ya pili atakuomba umpitishie kitu. Na unapopekua, tazama mikono ya mtu, usimtazame usoni. Uso umezoea kutazamwa.

Miaka ikaenda. Mutua akawa msimamizi wetu, nami nikaletewa mwenzangu wa mezani, Nakato, Mganda kutoka Masaka. Alikuwa mjane, alikuwa ametoka kumfanyia kazi za ndani madam mmoja, na watoto wake wawili walikuwa kwa mama yake, wanasoma. Ndoto yake ilikuwa fupi: wamalize shule kabla hajarudishwa. Alilisema hilo kama watu wanavyotaja saa.

Alikuwa mwepesi kazini kuliko mimi, ila alikuwa na jambo lake. Kwao mwanamke anayekutana na mkubwa wake humsalimia kwa kupiga magoti, na Nakato hakuiacha desturi hiyo Masaka. Akiwa na suruali ya sare na redio kiunoni, akimwona mtu mwenye mvi alikunja magoti, akainamisha kichwa, ndipo akanyoosha mkono apokee simu. Makocha wazee walichanganyikiwa. Mmoja alidhani anaanguka, akamdaka.

"Nakato," Mutua alimwambia siku moja, "kuna siku utashuka hivyo ukwame."

"Nitakuita unibebe, ssebo. Hayo mabega umeyaleta Dubai ya nini?" Ssebo kwao ni bwana.

Mzee aliyeipenda salamu ile kuliko wote alikuwa mtunza vifaa wa timu moja, mtu wa Asia ya Kusini tuliyemwita Chacha kama walivyomwita wachezaji wake, yaani baba mdogo. Kazi yake ilikuwa kubeba magongo, kukunja taulo na kukaa kwenye kiti kando ya uwanja, mbele ya benchi la timu, akingoja mtu atokwe na jasho. Alikuwa kiziwi wa kutosha. Ukimsalimia mara mbili alitabasamu, ukimsalimia mara ya tatu aliitikia. Nakato hakuhitaji mara tatu. Chacha aliyaona magoti yakikunjwa na kujibu papo hapo, "Waaleikum salaam, beti," maana yake binti yangu. Kwa mapokezi yake ungesema kuna mtu amemvalisha koti la heshima.

Msimu mmoja Chacha alikuja na masikio mapya. Vilikuwa vifaa viwili vidogo vya kumsaidia kusikia, rangi ya ngozi, vimekaa nyuma ya sikio kama mbegu ya tango. Timu ilikuwa imemnunulia. Akasimama mezani kwetu akanyoosha kidole juu, kwenye mashine ya ubaridi.

"Hii inapiga kelele," akasema. "Miaka yote inapiga kelele, na hakuna aliyeniambia."

Tulicheka, yeye zaidi. Akatueleza kwamba mjukuu wake ana kithembe, na hakuwahi kujua. Nakato aliinama akavitazama vile vifaa akiwa bado amekunja magoti, akauliza vinachajiwa wapi. Havichajiwi. Chacha akamfungulia kimoja: ndani kulikuwa na betri ndogo ya duara kama ya saa ya mkononi. Nakato akampitisha. Mimi nilikuwa pale, na kwa kanuni ya meza yetu hapakuwa na cha kuzuia.

Msimu ule timu ya Chacha ilianza kupiga kwa namna ya kushangaza. Mpira wa polepole ukija, wapigaji wake walikuwa wameshausubiri. Hata mimi, niliyejifunza kriketi kwa soksi, niliona. Timu nyingine zikalalamika, na ndipo akaja Sir. Jina lake silitaji. Alikuwa Mwingereza, polisi wa zamani, aliyeajiriwa na waandaaji kuchunguza udanganyifu. Alikuwa na sauti ya chini na viatu visivyolia. Alikaa mezani kwetu, akahesabu mifuko, akafungua kasha, akarudia. Simu zote zilikuwepo. Akaondoka bila kusema kitu, na hilo ndilo lililotutisha.

Kwenye ujia maneno yakaanza. Ishara zinaibwa, habari inaingia chumbani, na mlango ni mmoja. Basi walinzi wamenunuliwa. Mutua alikuja bila kijiti mdomoni.

"Nawaambia ninyi wawili mapema," akasema. "Ofisi imesema ikijulikana kuna kifaa kimepita hapa, aliyekuwa zamu anakatiwa visa na anapanda ndege. Hakuna onyo, hakuna nini. Kama kuna kitu mnajua, niambieni."

"Hakuna," nikasema.

"Nakato?"

"Hakuna, ssebo."

Nakato hakutania siku ile. Tulipokuwa tunafunga mifuko aliniuliza, kama anayeuliza habari ya hali ya hewa, kwamba mtu akikatiwa visa katikati ya muhula wa shule, inakuwaje. Nikamwambia haitafika huko. Sikuwa na uhakika wowote.

Ikaja mechi ya mchana, jua kali, uwanja nusu mtupu. Nakato alitumwa kusimama mwisho wa ujia, pale unapotokea uwanjani, karibu na kiti cha Chacha. Baada ya muda akarudi mezani. Alikuwa ameshika redio kwa mikono miwili.

"Mzee Hamza, naomba unisikilize, lakini usikasirike."

"Sema."

"Nimemsalimia Chacha. Nimepiga magoti, yeye ananiangalia mimi, anaitikia. Katikati ya salamu, amestuka. Hakuna mtu amemwita, Mzee, kulikuwa kimya. Amestuka, ametoa taulo begani, ameweka kwenye mapaja. Halafu mpira umerushwa, wa polepole, mpigaji ameupiga mpaka nje."

"Mtu anaweza kuhamisha taulo, Nakato."

"Nimebaki nikitazama. Taulo begani, unakuja wa kasi. Taulo mapajani, unakuja wa polepole. Haijakosea hata mara moja. Na mpigaji anatazama huku kabla ya kila mpira." Akaiweka redio mezani. "Kuna mtu anaongea ndani ya masikio yale. Mimi ndio nimeyapitisha."

Hapo ndipo ninapotaka mnielewe, ninyi mnaokuja. Aliyeona ni yeye. Hakuna mwingine aliyekuwa anamtazama mtunza taulo. Angenyamaza, pengine msimu ungekwisha hivyo hivyo, na watoto wake wangeendelea na shule. Alikuwa anajua hilo kabla hajafika mezani. Nililiona kwenye mikono yake.

"Unajua nikipeleka hili watauliza nini," nikamwambia.

"Najua."

"Wewe unasemaje?"

"Wanasema sisi tumenunuliwa, Mzee. Wewe, mimi, na wote tunaopanda basi lile. Twende."

Tulikwenda wote wawili kwa Sir, meza ikabaki na Mutua. Sir alisikiliza hadi mwisho, akainuka, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha Chacha, akatazama juu. Juu ya benchi la timu kuna safu ya kwanza ya viti vya watazamaji. Chini ya kimoja kati ya viti hivyo, kilichokuwa hakina mtu, tulikuta simu imebandikwa kwa selotepu nyeusi. Ilikuwa hewani, na sauti ya mwanamume ilikuwa inasema neno moja moja, kwa utulivu wa mtu anayesoma majina ya vituo. Kumbe masikio yale yalikuwa ya aina inayounganishwa na simu bila waya. Sir akatuonyesha kwa kidole aliyekuwa anaongea: alikaa jukwaa la mbali na kamera yenye lenzi ndefu, akisoma ishara za mrushaji. Tulipofika jukwaa lile, kiti kilikuwa na kofia tu.

Kwa hiyo simu haikupita mezani kwetu. Ilipita geti la watazamaji, na tiketi yake halali.

Chacha hakukana. Aliyatoa masikio mwenyewe, moja baada ya jingine, akayaweka kwenye mkono wa Sir, kisha akaendelea kuzungumza kwa ile sauti kubwa ya zamani, sauti ya mtu asiyejisikia. Alisema aliambiwa na mtu wa timu mwenye kompyuta kwamba ni mazoezi, asikie neno na ahamishe taulo. Sir akamuuliza, na mara ya tatu ndipo akasikia: je, hakuuliza ni mazoezi gani wakati wa mechi?

"Amenipa masikio," akasema. "Nimuulize nini tena?"

Mwenye kompyuta alisema hamjui mtu yeyote mwenye kamera. Timu ikatoa tamko kwamba mfanyakazi mmoja amekiuka taratibu na ameondolewa. Mtu mmoja, mwenye taulo. Mwenye kompyuta nilimwona misimu iliyofuata, anapita mezani, anaacha simu vizuri kabisa. Nilizoea kumwita kwa jina lake.

Siku Chacha anaondoka alipita pale kwetu na mkoba wa nguo. Masikio yalibaki kwa Sir kama ushahidi. Nakato alitoka nyuma ya meza, akashuka chini, magoti yote mawili kwenye sakafu ya saruji, jinsi wanavyofanya kwao hasa. Alisema salamu nzima kwa Kiganda, na mzee hakusikia neno. Aliangalia magoti. Akaweka mkono juu ya kichwa cha Nakato, juu ya kofia ya sare, akakaa hivyo mpaka dereva akapiga honi.

Kisha ikaja zamu yetu. Mutua alituita kando.

"Ofisi wanataka jina."

"Nakato ndiye aliyegundua," nikasema. "Asingesema, mngejua kutoka wapi?"

"Mimi najua, bana. Ofisini hawaulizi nani aligundua. Wanauliza nani alipitisha."

"Kanuni ya chaja ulinifundisha wewe, nami nimemfundisha yeye. Kifaa hakikuwa na chaja. Kama ni jina, andika matatu."

Mutua alitafuta kijiti mfukoni, akakikosa. Alikwenda, na baadaye nikajua kwamba aliandika hivyo kweli, la kwake likiwa la kwanza. Lakini aliyetuokoa hasa alikuwa Sir, na wala hakukusudia. Aliandikia kampuni kwamba mwanamke aliyeona taulo ni shahidi, na asiondolewe nchini mpaka shauri limalizike. Visa yake ikaachwa. Mimi na yeye tukahamishiwa geti la maegesho kule International City, tukawa tunainua na kushusha kizuizi, tunaamua ugomvi wa watu wanaopanga chumba kimoja na kugombania nafasi moja ya gari.

Shauri lile lilikwenda kama mashauri yanavyokwenda. Likaahirishwa, likahamishwa, likaundiwa kamati. Kila nilipomwona Nakato anatazama simu yake nilijua anasubiri habari, na kila jioni habari ilikuwa hakuna. Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Sijawahi kumwona mtu akifurahia uzembe wa ofisi kama yeye.

"Wamesema nini?" nilikuwa namuuliza.

"Inshallah mwezi ujao," alikuwa akijibu, anacheka. "Mungu awabariki, wasiharakishe."

Msimu mpya ulipokaribia, Mutua alikuwa na upungufu wa watu na ofisini walikuwa wamebadilishana viti. Hakuna aliyekumbuka kwamba Nakato alipaswa kufukuzwa. Akarudishwa mezani, nami pamoja naye. Shauri, kwa ninavyojua, halijamalizika hadi leo.

Kanuni ilibadilika. Sasa vifaa vya kusikia vinatazamwa na daktari wa mashindano, na anayevihitaji anapewa vya kawaida visivyounganishwa na chochote. Wengi wenu mtaona kazi hiyo ni ngumu, kumwambia mtu mzima aonyeshe masikio yake kama mtoto wa shule. Nakato aliipatia njia, na ndiyo nataka muichukue kutoka kwake. Hakuacha kupiga magoti. Walimshauri aache, kwamba ndiyo yaliyomponza, akakataa. Anashuka kwanza, anasalimia mpaka salamu iishe, haikati. Akishainuka ndipo anapekua, na anapekua kila kitu. Sijaona mzee aliyekasirika.

Siku yangu ya mwisho haikuwa na mechi. Nilikwenda kurudisha sare na kitambulisho, nikapita kwenye ujia na begi langu la safari, kwa kuwa mlango ule uko karibu na kituo cha basi. Nakato ndiye mkuu wa meza sasa. Aliponiona alitoka, akakunja magoti, akanisalimia, akaniuliza habari za mke wangu, za Tanga, za miguu, nami nikamjibu moja moja. Watoto wake nikawauliza. Mkubwa amemaliza shule, mdogo amebakiza kidogo.

Akainuka, akajipangusa suruali, akarudi nyuma ya meza.

"Fungua begi, Mzee."

"Nakato. Mimi?"

"Na simu weka hapa. Halafu geuka nione masikio."

Nikaweka begi mezani, nikalifungua, nikageuza kichwa upande mmoja, kisha wa pili.